Kauli taarifa ya Kiingereza: jedwali au kupeleka ujumbe?

Kuwafundisha kidato cha pili hapa Moshi kugeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa, nimetumia njia mbili.

Ya kwanza ni jedwali: "am" huwa "was", "will" huwa "would", "tomorrow" huwa "the next day". Linakaririwa upesi na kwenye mtihani linaokoa muda.

Ya pili ni kupeleka ujumbe. Binti mmoja anamnong'oneza jirani yake, "I am going to Mbuyuni"; jirani anakuja mbele kunieleza, "She said she was going to Mbuyuni." Inakula kipindi kizima, lakini hapo ndipo kosa letu sugu linapojitokeza. Kiswahili hakirudishi wakati nyuma. Tunasema "alisema anakwenda Mbuyuni", na kitenzi cha pili kinabaki katika wakati uliopo. Ndiyo maana mtoto anaandika "said she is going" hata kama binti alishakwenda na kurudi. Si uvivu, lugha yake ndiyo inayomwongoza, na anastahili kuonyeshwa tofauti hiyo waziwazi.

Jedwali pia hupotosha. Kitenzi cha kutaarifu kikiwa "says", wakati haubadiliki. Na "He said Kilimanjaro is the highest mountain in Africa" ni sahihi, kwa kuwa jambo lenyewe bado ni kweli, ila aliyekariri jedwali huliona kosa.

Mimi naanza na ujumbe. Jedwali nalitoa mtihani ukikaribia.