Karakana ya nozeli, Unga Limited: wanapima kwanza, wanauza baadaye

Gari langu la kazi ni Land Cruiser, lile ambalo watu wa utalii hapa Arusha huliita mkonga, lenye injini ya 1HZ ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Kwa muda wa miezi miwili lilikuwa likitoa moshi mweusi kila nilipopandisha mlima wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu, na alfajiri likiwashwa lilikuwa likigonga hadi jirani anafungua dirisha. Gereji niliyoizoea, ambayo sitaitaja, ilibadilisha nozeli zote sita (vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini) kwa mkupuo na kunikabidhi maboksi matupu kama ushahidi kwamba ni spea halisi. Baada ya safari tatu moshi ukarudi palepale. Mwenzangu wa kazi ndiye aliyenielekeza kwenye karakana ndogo ya mafundi pampu huko Unga Limited, yenye geti la bati lisilo na bango lolote.

Kinachoitofautisha karakana hii na nyingine nilizowahi kupeleka gari ni kwamba hawakuambii ununue nozeli kabla hawajazipima, na wanazipima mbele yako. Fundi alizifungua zote sita, akazipanga kwenye sinia kwa kufuata namba ya silinda, kisha akafunga moja baada ya nyingine kwenye pampu ya mkono yenye geji. Niliposogea ili nione vizuri alinizuia: "Bosi, usiweke mkono hapo mbele, dizeli hii inapenya ngozi." Nozeli za injini yangu zinatakiwa kufunguka kwenye presha ya karibu bar 150. Mbili zilifunguka hapo au chini yake kidogo, tatu zilifunguka mapema mno, na moja ilikuwa ikirusha dizeli upande kama bomba la bustani lililopasuka. Baada ya hapo alishikilia presha chini kidogo ya ile ya kufungukia na kuhesabu hadi 10, nasi tukiangalia ncha. Nozeli isiyo na hitilafu hubaki bila tone katika muda huo. Moja ya zile tatu ilidondosha tone kabla hajafika 4.

Nilimwuliza kwa nini kitu kipya kiharibike upesi hivyo, na jibu lake lilikuwa somo ambalo sikulitarajia kulipata nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda. Ndani ya nozeli mna sindano ya chuma inayokandamizwa na springi. Dizeli ya pampu ikipata nguvu ya kutosha hulisukuma bega la sindano, sindano inanyanyuka, na papo hapo presha inaipata hata ile sehemu ya chini iliyokuwa imefichika, hivyo inafunguka kwa ghafla na si kwa kusitasita; ndiyo sababu nozeli nzuri ikipimwa hutoa mlio wa kukoroma. Kwenye 1HZ, ambayo huchoma dizeli kwanza katika chumba kidogo kilichomo kwenye kichwa cha silinda, ncha ya sindano ina kijiti kinachopita katikati ya tundu. Mwanzoni kijiti hicho huruhusu dizeli kidogo tu, kisha huachia iliyobaki, na kwa njia hiyo mlipuko unaanza taratibu na kugonga kwa injini kunapungua. Nozeli za malori yanayopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni hazina kijiti. Zina matundu kadhaa membamba sana, na hufunguka kwa presha kubwa zaidi.

Sindano na mwili wake husagwa pamoja hadi nafasi kati yao ibaki mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo sindano ya nozeli moja haihamishiwi kwenye nyingine. Alinionyesha jambo hilo kwa macho. Aliosha nozeli mpya katika dizeli safi, akaiinamisha, akaivuta sindano hadi nusu na kuiachia. Ikateremka yenyewe polepole mpaka chini. Alipofanya vivyo hivyo kwa mojawapo ya zile nilizouziwa, sindano ilikwama njiani kama droo ya kabati la zamani. Yale maboksi yangu mazuri yalikuwa na bidhaa feki, na nilikuwa nimelipa bei ya halisi.

Mwishowe nilinunua nne tu. Zile mbili zilizobaki alizirekebisha kwa kuongeza shimu, yaani kipande chembamba cha chuma cha kuikaza springi, akazipima upya, na zote sita zikafungwa kwa washa mpya za shaba. Aliniambia pia, bila mimi kumwuliza, kwamba moshi kidogo nitaendelea kuuona nikifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwa kuwa injini hii haina turbo ya kuisukumia hewa zaidi na hewa ya kule juu ni nyepesi. Fundi anayetaka tu kukuuzia spea asingekwambia hivyo.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Niliambiwa gari litakuwa tayari saa nane mchana, nikaondoka nalo kesho yake jioni, na katika muda wote huo simu ilipokelewa mara moja. Hakuna mahali pa mteja kukaa, vumbi la barabarani linaingia hadi karibu na meza ya kazi (jambo la kushangaza kwa mafundi wanaohubiri usafi wa mikroni), na risiti niliipata baada ya kuidai mara mbili. Bei ya kupima ni ya kawaida, ila washa wanazitoza kando, kwa hiyo uliza mapema.

Tangu hapo nimekwenda Serengeti mara nne. Mlima wa Mto wa Mbu naupanda kwa gia ileile ya zamani, na kwenye kioo cha pembeni naliona gari linalonifuata. Nozeli nne za zamani nilirudishiwa zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, kila moja ikiwa na namba ya silinda yake. Nimezipeleka kwa yule aliyeniuzia, na bado nasubiri jibu lake.