Uzoefu wangu: kusafisha valvu ya EGR kwenye pikapu ya dizeli

Kwanza niseme nililipia nini, maana watu huchanganya huduma tofauti kisha wanabishana. Sikubadilisha valvu, sikuiziba, wala sikupuliziwa dawa kwenye njia ya hewa huku injini inanguruma. Nilifunguliwa valvu ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) pamoja na manifoldi, yaani bomba la matawi la kuingizia hewa, vikasafishwa kwa mkono mezani, vikarudishwa na gasketi mpya. Ni gereji ndogo hapa Morogoro. Ufundi na gasketi vilinigharimu shilingi 150,000, na kazi ilikula kutwa nzima.

Pikapu yangu ni ya dizeli, lita 2.5, kamonireli (mfumo wa kupuliza dizeli kwa presha kubwa) yenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ndani ya injini. Kwa muda mrefu ilikuwa haichanganyi, yaani haishiki kasi haraka. Ukikanyaga mafuta inajivuta, turbo inachelewa kuitika, halafu ghafla wingu la moshi mweusi linatanda nyuma. Mlima Kitonga niliozoea kuupanda kwa gia ya tatu ukawa unataka gia ya pili, na mzigo ni uleule. Mafuta nayo yakashuka kutoka kilomita 11 hivi kwa lita hadi 9 na kidogo. Filta ya hewa na ya dizeli zilikuwa mpya, nozeli zimepimwa ziko sawa. Taa ya injini iliwaka mwishoni kabisa, na kompyuta ya kupimia ikasoma msimbo wa hitilafu P0402: moshi unaorudi ndani ya injini ni mwingi kuliko ulioagizwa.

Kazi ya valvu hii ni kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye hewa inayoingia injini. Moshi huo hauna oksijeni nyingi, kwa hiyo mwako unapoa kidogo. Joto la mwako likipita takriban nyuzi 1,370 za Selsiasi, naitrojeni na oksijeni ya hewani huungana kwa wingi na kutoa oksidi za naitrojeni, zile gesi zinazochoma mapafu ya watu waliokaa foleni nyuma yako. Unapotembea polepole bila mzigo, dizeli ina hewa ya ziada, kwa hiyo moshi ukirudi hauhisi upungufu wowote. Ukikanyaga mpaka chini kupanda mlima, valvu inatakiwa kufunga ili injini ivute hewa safi tupu.

Yangu ilikuwa haifungi. Masizi yalikuwa yamekaba mahali inapokalia. Hasara yake inakuja kwa njia mbili kwa pamoja: hewa safi inapungua, na moshi ambao ungesukuma turbo unatoroka kabla ya kuifikia, kwa sababu bomba la EGR kwenye injini kama hii linachukua moshi kabla ya turbo. Dereva anaongeza mguu kufidia, dizeli inaingia, hewa ya kuiunguza haitoshi. Ndiyo ule moshi mweusi, na ndizo zile kilomita zilizopotea.

Fundi wa kwanza niliyemwendea aliangalia dakika chache akasema, "Bosi, tuizibe tu kwa kipande cha bati, hutasumbuka tena." Ushauri huu umeenea sana na nina neno nao. Anayeziba hupata nguvu, ni kweli, lakini anailinganisha na valvu iliyokwama wazi. Valvu nzima ikifika mlimani imeshajifunga yenyewe, kwa hiyo bati haliwezi kukupa nguvu ambayo valvu safi haikupi. Tena kompyuta ya gari ikiagiza valvu ifunguke, sensa ya hewa inategemea kuona hewa safi ikipungua. Isipoona, kompyuta inaandika P0401, yaani moshi unaorudi ni mdogo mno, taa inawaka, na baadhi ya magari yanapunguza nguvu kwa makusudi. Utaishia kulipa mtu wa kuchezea programu ya kontrolibox, yaani hiyo kompyuta ya gari, kwa tatizo lililotaka brashi na mikono.

Fundi wa pili aliifungua mbele yangu. Ndani ya manifoldi kulikuwa na tope jeusi zito kama lami mbichi, na matundu ya kupitisha hewa yalikuwa yamebaki nusu. Alinieleza kuwa masizi makavu peke yake hayashikani hivyo. Yanashikana yakikutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye kipumulio cha injini na kuingia njia hiyohiyo ya hewa. Wengi wetu hulaumu dizeli ya vituoni, lakini nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na valvu bado zinaziba. Safari fupi za mjini, kuacha gari linanguruma ukisubiri mtu, na oili iliyopitiliza muda zina mchango mkubwa zaidi. Baada ya kufunga kila kitu aliunganisha kompyuta, valvu ikajifunza upya mahali inapofungia. Gereji isiyofanya hatua hii kwenye valvu za umeme, mimi nisingeiachia gari.

Matokeo: inachanganya vizuri, turbo inaitika mapema, na moshi mweusi umekwisha. Kitonga nimerudi gia ya tatu sehemu kubwa ya mlima. Mafuta ninapima kwa kujaza tanki mpaka pampu ijikate, kisha najaza tena kwenye pampu ileile na kugawa kilomita kwa lita. Inacheza kwenye 10 na nusu. Kile kilichobaki kufika 11 sikidai kwa EGR, kwa sababu gari limezeeka na tairi nilizofunga sasa ni pana zaidi.

Ninacholalamikia ni kwamba kipozeo cha EGR hakikufunguliwa. Moshi hupita humo kabla ya kufika kwenye valvu, na masizi yaliyobaki yataanza safari upya.

Kwa wenye magari ya petroli, msichukue maelezo yangu yote kama yalivyo. Kwenu valvu ikikwama wazi gari hutetemeka likiwa limesimama, au huzimika kabisa. Ikikwama imefungwa, injini inaweza kugonga ikipewa mzigo. Na EGR nzima kwenye petroli huokoa mafuta, kwa sababu injini haihangaiki kuvuta hewa kwenye koo (throttle) lililobanwa. Toyota walipotoa Prius ya kizazi cha tatu mwaka 2009 waliweka EGR yenye kipozeo kwa ajili hiyo.

Kama kompyuta inaonyesha P0402 na moshi ni mweusi, hii pesa itoeni. Kama dizeli yako haitoi moshi na inavuta vizuri, usifunguliwe chochote kwa ahadi ya kupunguziwa mafuta. Mimi kwenye sevisi kubwa ijayo narudi kwa fundi huyuhuyu, na safari hii kipozeo nacho kifunguliwe kisafishwe mezani.