Mama kaanza dayalisisi, paka wawili wakahama: riviu yangu ya Cats Protection (na kidogo Cinnamon Trust)

Naandika hii kwa wenzangu wa huku Uingereza, maana nyumba nyingi za watu wetu hazikosi paka, na wazazi ndo wanazeeka huku huku. Mamaangu figo zimefeli, damu inabidi isafishwe kwa njia nyengine, ndo hiyo dayalisisi. Akapewa achague, ama kwenda hospitali mara 3 kwa wiki akae kwenye mashine kama saa 4 kila akienda, ama afanyie nyumbani kwa njia ya tumbo, mashine inaingiza maji tumboni kwa mrija na kuyatoa usiku akiwa kalala, na yeye hakufikiria hata, nyumbani, hataki kusikia habari ya kuamshwa alfajiri kupakiwa gari na baridi hii. Nesi kaja kukagua nyumba, nikadhani ataangalia ngazi na choo, kumbe macho yote kwa paka. Watatu: Bi Mkubwa ambae ni kizee kazi yake kulala, na ndugu wawili vijana, Kaimati na Tui, hao hata pazia halikusalimika.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ile mashine ya usiku juu ina pahala pa kupashia mfuko wa maji, na paka kwa joto mnamjua. Halafu ile mirija, myembamba, inaning'inia, inatikisika mgonjwa akigeuka. Kwa Tui hiyo ni sikukuu. Jino moja likitoboa, vijidudu vya mdomoni mwa paka vina njia ya kuingia tumboni kwa mgonjwa, na watu wanaumwa kweli kwa sababu hiyo. Nesi akatuambia mkikuta mrija umetafunwa mnaubana, hamuungi tena, mnapiga simu kwao muda huo huo. Na maji yanayotoka yakiwa na ukungu, au tumbo linauma, au homa, hakuna kusubiri asubuhi. Ila hakusema paka waondoke, hili nalisisitiza maana kuna mashangazi walishaanza kusema paka wote watupwe. Alisema chumba cha mashine paka haingii, mlango unafungwa, mikono inaoshwa. Na trei ya mchanga asafishe mtu mwengine, kila siku, na glavu, kwa sababu kuna kijidudu kwenye kinyesi cha paka, nacho kinahitaji siku moja au zaidi kabla hakijaweza kumdhuru mtu, kwa hiyo ukiwahi kutupa umeshapunguza hatari.

Bi Mkubwa ukimfungia mlango anakwenda zake jikoni analala. Wale wawili usiku kucha wanakwaruza mlango na kulia kama kuna msiba, mama anawahurumia, anataka kuinuka kuwafungulia na huku kafungwa na mirija. Hapo ndo akaamua mwenyewe, vijana wahame, kizee abaki. Mimi nilitaka wahame wote nipumzike, sikusikilizwa.

Dadaangu akakimbilia kuweka tangazo la bure mtandaoni, tovuti siitaji. Jamani. Meseji za ajabu. Mmoja anamtaka Tui peke yake kwa sababu mweupe, mwengine hataki kuja nyumbani, anataka tukutane maegesho ya magari usiku, hata jina la paka hakuuliza. Mama akasema futa.

Ndo tukaenda Cats Protection. Hawa ni shirika la hisani, wapo tangu 1927 na kazi yao ni paka tu, wanawapokea na kuwatafutia nyumba mpya. Unaanza na maelezo, na maelezo yenyewe ni marefu: umri, chanjo, wamehasiwa, wamezowea watoto, mbwa je, wanatoka nje au wa ndani, wana tabia gani mbaya. Miye nilitaka kujibu haraka haraka tumalize, mama akaninyang'anya simu. Nilichokipenda ni kuwa yule mama wa kujitolea alimsikiliza na Kiingereza chake cha kuokota okota, hakumkatisha. Kaimati anaogopa huva (ile mashine ya kunyonya vumbi), akasikia tu anaingia chini ya kochi. Tui kuku wa kopo hali, samaki anakula. Usiwatenganishe, walizaliwa pamoja. Wanaitika ukisema "njooni mle". Yote akaandika, hata hilo la mwisho, akauliza herufi moja moja.

Swali kubwa la mama lilikuwa wakikosa mtu, watauliwa? Akajibiwa kuwa paka mzima wa afya hawamuui, ndo msimamo wao. Nilimuona bega limeshuka.

Sasa mjue mambo mawili kabla hamjakwenda. Foleni ipo, nafasi za paka hujaa, kwa hiyo usingoje mpaka siku ya kulazwa, daktari akisema tu "jiandaeni", pigeni. La pili, unasaini paka si wako tena, na anapokwenda hupewi anwani. Mama alisaini kwa mkono wake, akawabusu vichwani, akarudi kwenye gari kabla yangu. Baadae tukaambiwa wamechukuliwa wote wawili nyumba moja.

Kitu kidogo ambacho watu wanasahau: chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi ya paka ili mwenyewe ajulikane. Tangu 10 Juni 2024 hapa England paka lazima awe na chipu akifika wiki 20, faini mpaka pauni 500, na paka akihama lazima jina na simu vibadilishwe kwenye rekodi. Ukimpa rafiki paka kienyeji bila kubadilisha, siku akipotea atapigiwa mgonjwa wodini.

Kwa Bi Mkubwa tukawatafuta Cinnamon Trust, wa Cornwall, tangu 1985, wao ni kwa wazee na wagonjwa wasiokuwa na matumaini ya kupona. Mama akilazwa wana watu wa kujitolea wa kumkalia paka, halafu akitoka wanamrudishia. Na unaweza kupanga nao mapema paka atakwenda wapi ukishafariki. Cats Protection nao wana mpango kama huo, Cat Guardians, bure. Sisi watoto tulikuwa tunaona haya kumuwekea mama fomu ya "ukifa". Yeye mwenye sanda yake kwenye sanduku miaka yote hii akacheka, akauliza kalamu iko wapi.

Nyota 5 kwa Cats Protection, na Cinnamon nawapa 5 kwa walivyozungumza na mama, ingawa hatujawatumia kwa kulazwa bado, inshaallah tusiwahitaji. Kama uko Milton Keynes na una paka wa kuhamisha, kreti za kubebea ninazo mbili na hazina kazi, nitumie meseji uje uchukue, ila moja kitasa chake kibovu kidogo, kifunge na kamba.