Kadioplejia ya del Nido kwenye baipasi: dawa ni nzuri, mtihani ni kuifikisha

Kadioplejia ni dawa ya kuusimamisha moyo kwa muda wakati wa upasuaji; del Nido na St. Thomas ni aina zake mbili. Kwa baipasi ya moyo (kushona vipandikizi vinavyopitisha damu kando ya mishipa iliyoziba) ya mishipa mitatu au minne tunaipendelea del Nido kuliko St. Thomas. Ile ya St. Thomas hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mara mshono husimama. Dozi moja ya del Nido hutuliza moyo dakika 60 hadi 90.

Fomula yake haina siri: lita 1 ya Plasma-Lyte A (maji ya dripu yenye chumvichumvi), manitoli 20% ml 16.3, magnesiamu salfeti 50% ml 4, sodiamu baikaboneti 8.4% ml 13, potasiamu kloridi milimoli 26, lidokaini 1% ml 13. Sehemu 4 za maji haya huchanganywa na sehemu 1 ya damu ya mgonjwa, zikapozwa kwa barafu. Kipimo ni ml 20 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, mwisho lita 1. Lidokaini huziba njia za sodiamu, magnesiamu hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye seli.

Sasa, dawa hii ilibuniwa Pittsburgh, Marekani, kwa ajili ya mioyo ya watoto, na mishipa ya mtoto haijaziba. Kwa mtu mzima, dawa inayopitia aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) hufuata njia iliyo wazi. Msuli ulio nyuma ya kizibo hubaki na joto lake. Mstari wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ukikawia kulala, au vijiwimbi vikirudi, usiongeze tu dawa kwa njia ileile. Pitisha nyingine kinyumenyume kupitia sinasi ya koronari (vena kubwa inayokusanya damu ya msuli wa moyo), shinikizo lisivuke mmHg 40, maana mshipa huo huchanika. Hata hivyo chemba ya kulia hupata kidogo sana kwa njia hiyo, kwa hiyo shona mapema kipandikizi cha kulia, upitishie dawa humo.

Vali ya aota ikivuja, dawa humwagikia chemba ya kushoto. Iguse: inatakiwa iwe laini, inabonyea. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, simamisha dawa, nyonya damu iliyomo kwanza. Na ateri ya kifua, inayotumika kama kipandikizi, ikishaunganishwa, ibane kwa klampu ndogo, la sivyo damu ya moto itaosha dawa yote.

Kosa baya zaidi ni kuirudia kila dakika 20 kwa mazoea ya St. Thomas. Lidokaini hurundikana, moyo ukagoma kuamka klampu iliyobana aota wakati wa upasuaji ikifunguliwa. Kazi ikirefuka, nusu dozi inatosha. Saa ya dozi ya kwanza iandikwe ubaoni, kila mtu chumbani aione.