Ryzen 5 2600 na RX 580 kwenye joto la Tabora: kuovakloki kumenilipa wapi

Kama una prosesa ya Ryzen 5 2600 na unaishi Tabora, usihangaike kuovakloki, yaani kuipandisha mwendo kupita ule wa kiwandani. Washa XMP (mpangilio unaoiacha RAM ikimbie mwendo ulioandikwa juu yake), nunua feni ya maana, kisha shusha volti za kadi ya grafiki. Nimeyaweka haya juu kabisa kwa sababu najua wengine mtaishia hapa mkafungue mashine zenu. Mliobaki, karibuni.

Kazi yangu ni kuhariri video: harusi, sendofu, kipaimara, na mahafali msimu wake ukifika. Natumia DaVinci Resolve, ile ya bure. Usiku mashine inageuka ya gemu, mpwa wangu anacheza GTA V nami nasubiri zamu ambayo haifiki. Chumba ni cha kupanga huku Isevya, bati liko karibu na kichwa, na feni ya ukutani kazi yake ni kuzungusha hewa ileile ya moto. Asiyeijua Tabora ajue kwamba mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai unajifunika blanketi. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana ni joto kavu na vumbi ambalo halijui mlango uliofungwa.

Ndiyo maana vipimo vyote vya maana nilivingoja Oktoba. Mashine iliyosimama imara usiku wa Julai haijathibitisha kitu, kwa kuwa chipu ikizidi kupata moto hudai volti zaidi ili ishike mwendo uleule. Mtu wa Arusha akikutumia namba zake za BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi, mshukuru, halafu upime zako.

Prosesa yenyewe ilitoka Aprili 2018. Ina kori 6 na thredi 12, mwendo wa msingi 3.4 GHz, na ikiachwa yenyewe kori moja hufika 3.9 GHz. AMD hawakukifunga kizidishi chake: unaingia BIOS, badala ya 34 unaandika 40, na kwa kuwa saa ya msingi ni 100 MHz unapata 4.0 GHz. Lakini mazabodi nayo iwe imekubali. B450 yangu inakubali, B350 na X470 pia, A320 hapana. Kwa Intel mlango ni mwembamba zaidi, unatakiwa uwe na prosesa yenye herufi K mwishoni pamoja na mazabodi ya jamii ya Z. Kwa hiyo zile Core i5 za ofisini zinazouzwa mitumba kila kona, sahau kabisa habari hii.

Yangu niliifikisha 4.1 GHz kwa volti 1.35 na ikasimama. Ikiwa haijaguswa, kori zote zikifanya kazi, hukaa 3.7 GHz kwa volti 1.2 hivi. Sasa piga hesabu. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na mwendo, ila kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 3.7 kwenda 4.1 ni nyongeza ya asilimia 11. Kutoka 1.2 kwenda 1.35, ukishaweka kipeo, ni nyongeza ya asilimia 27. Zizidishe pamoja: umeme zaidi kwa asilimia 40, na wote huo unatoka kama joto, ndani ya chumba ambacho tayari kina nyuzijoto 33.

Nikapata nini? Alama za Cinebench, programu ya kupima prosesa, zilipanda karibu sawa na mwendo ulivyopanda, na picha ya skrini nikawarushia wenzangu. Kwenye Resolve, kurenda (kutoa video iliyokamilika) harusi ya saa moja na ushee kulipungua dakika chache tu, maana rangi na efekti hubebwa zaidi na kadi ya grafiki. Kwenye gemu sikuona kitu, kwani kori moja ilikuwa inafika 3.9 bila kuguswa na mtu. Nikairudisha kwenye mwendo wa kiwandani, na huko ndiko iliko hadi leo.

Sifa ya kuovakloki imetoka enzi nyingine. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ya 300 MHz. Watu waligundua kwamba ukibadilisha mwendo wa basi, ile njia inayounganisha prosesa na mazabodi, kutoka 66 MHz kwenda 100 MHz, nyingi zilikimbia 450 MHz bila kulalamika. Nusu nzima ya mwendo, bure! Siku hizi kiwanda kimeshaipata nafasi ile kabla yako. Chipu inajipima joto na umeme kila wakati na kujipandisha yenyewe, kwa hiyo unachookota ni makombo. Wapo wanaoendelea kwa mashindano, na Desemba 2022 Core i9-13900K ilipitishwa 9 GHz ikiwa imemiminiwa heliamu kimiminika. Ni burudani safi kuitazama, lakini haihariri harusi ya mtu.

Kilichobadilisha maisha ya prosesa yangu ni feni. Ile inayokuja kwenye boksi, Wraith Stealth, ni ndogo na haina mirija ya shaba. Mchana wa Oktoba, nikirenda, ilikuwa inaiacha prosesa kwenye nyuzijoto 88, na mwisho wake ni 95. Niliiondoa nikafunga Cooler Master Hyper 212 Black Edition, yenye mirija minne na feni ya milimita 120, na kazi ileile ikashuka hadi 71 bila kelele. Mambo mawili ya kuangalia kabla hujatoa hela. Kwanza urefu wake ni karibu milimita 159, kesi nyembamba za ofisini hazifungi mfuniko. Pili, matoleo ya zamani ya Hyper 212 hayakuja na vifungo vya AM4, soketi ya Ryzen hizi, na muuzaji atakuambia "inaingia popote, kaka". Mwombe afungue boksi uone kwa macho.

XMP nitaipitia haraka kwa kuwa haina ufundi. RAM yangu imeandikwa 3200, lakini ilikuwa inakimbia 2400, kwa sababu mazabodi huanza na mwendo salama mpaka uiambie vinginevyo. Ukiingia BIOS ni swichi moja. Kwenye Ryzen hizi faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani, maana njia ya ndani inayounganisha kori hutembea kwa saa ya RAM. GTA V ilikoma kukwamakwama mpwa wangu akipita katikati ya magari mengi. Rasmi Ryzen 5 2600 inaahidiwa 2933 tu, kwa hiyo 3200 isipokubali shuka hatua moja, na kabla ya kuiamini iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ipite usiku kucha. Hakikisha pia vipande viwili vya RAM viko kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Mashine nyingi zilizofungwa na mafundi wa haraka nimezikuta zimewekwa kimoja kando ya kingine.

Sasa kadi. RX 580 ya 8GB niliinunua iliyotumika, kutoka Kariakoo, ikasafiri na basi. Hizi kadi zilishuka bei baada ya Ethereum, sarafu ya kidijitali iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi za grafiki, kuacha uchimbaji Septemba 2022, na zilizokuwa zinachimba zikamwagika sokoni dunia nzima. Kuchimba peke yake hakuniogopeshi, kinachoua ni feni zilizochakaa na pesti ya kupitisha joto iliyokauka. Ninachokiogopa ni jina. Ipo kadi inaitwa RX 580 2048SP, ambayo kwa ndani ina kori 2,048 kama RX 570, wakati RX 580 kamili inazo 2,304. Boksi linaweza kufanana kabisa. Mwambie muuzaji awashe GPU-Z, programu inayosoma kadi, atazame mstari wa shaders (ndizo kori hizo), akutumie picha kabla hujatuma pesa.

Yangu ilikuja na 2,304 zake, ila ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, nyuzijoto 83. Fundi mmoja wa Kanyenye aliifungua mbele yangu. "Mkuu, hii imetoka mgodini," akasema huku akikwangua pesti iliyokuwa imegeuka unga. Tulipaka mpya, tukafuta mafuta kwenye pedi za kumbukumbu, na hapo peke yake ikapungua kidogo.

Kazi kubwa ilifanywa na volti. Kiwandani kadi hizi huwekewa volti nyingi kuliko zinazohitaji, ili hata chipu dhaifu kuliko zote kwenye kundi lake isimame. Kama yako si ile dhaifu, unalipia umeme wa bure. Yangu ilikuwa na milivolti 1,150 kwenye mwendo wake wa juu wa 1340 MHz. Nikawa naishusha 25 kwa kila hatua na kupima kwa Unigine Superposition, kipimo cha picha za gemu, kisha kwa kurenda mradi halisi, kwani kipimo cha gemu kikipita haina maana Resolve itapita. Ilikubali 1,050. Chini ya hapo vijidoa vya rangi vilianza kuonekana kwenye skrini. Matokeo: mwendo uleule, nyuzijoto 72 badala ya 83, na wati za chipu zilizokuwa zinasomeka karibu 140 zikawa 112.

Kwa kazi hii wengi hutumia programu ya MSI Afterburner. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye kadi ya kampuni yoyote. Ninaipenda kwa kuonyesha fremu, joto na wati pembeni ya skrini wakati gemu linaendelea. Lakini kwa RX 580 nilishusha volti kwa programu ya AMD yenyewe, kwa sababu inakupa kila hatua ya mwendo na volti zake uzipange. Ina tabia moja ya kuijua: mashine ikizimika ghafla, inadhani mipangilio yako ndiyo sababu, inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kwa mtu wa Ulaya ni ulinzi mzuri. Kwa sisi ambao umeme hukatika bila salamu, maana yake kila ukirudi umeme unaanza upya. Hifadhi mipangilio kama faili, uipakie kwa kubofya mara mbili.

Kukatika huko kulinipa faida ambayo sikuitafuta. UPS yangu, ile betri ya akiba, imeandikwa 650VA, lakini ukisoma maandishi madogo nyuma ni wati 360. Zamani umeme ukikatika katikati ya kurenda, ilikuwa inapiga kelele ya kuzidiwa na kuzima papo hapo, pamoja na skrini na spika zilizochomekwa humo. Baada ya volti kushuka na prosesa kurudi mwendo wake, inabeba mzigo kwa dakika za kutosha kusitisha kazi na kuzima kwa adabu. Hakuna Cinebench inayoonyesha faida hiyo, na mimi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Uniti za umeme nazo zinakwenda polepole kidogo, japo si kiasi cha kutangaza.

Mwenye dhamana ajue kwamba AMD hawafidii prosesa iliyoharibika kwa kuovakloki. Na ukiandika namba BIOS ikakataa kuwaka, usikimbilie kwa fundi: chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika kadhaa, irudishe.

Mwisho ni vumbi, na kwa Tabora hili ni nusu ya mchezo. Ukipuliza kwa blowa, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, zikizungushwa kwa kasi hiyo zinaharibu beringi. Kuzuia lisiingie, chujio la dukani sikulipata, nikatumia soksi ndefu za nailoni za kike, nikazitanda mbele ya kesi kwa ubao na gundi. Joto lilipanda nyuzi mbili tu, na ndani mwa mashine ni pasafi. Dada wa duka la urembo aliniuliza saizi. Nikamwambia milimita 400 kwa 200, nyeusi.