Programu za kusaka laptopu iliyoibwa: ipi inastahili pesa yako?

Kabla ya kulipa, uliza jambo moja tu: mwizi akipiga Windows upya, programu hii itabaki? Nyingi hazibaki. Zinafutika pamoja na mafaili yako, nawe unaachiwa ramani ya mahali laptopu ilipoonekana mara ya mwisho. Ndiyo maana nimezipanga kwa ung'ang'anizi wake, mbwembwe nimeziweka kando.

Namba moja ni Absolute, iliyojulikana zamani kama Computrace. Mzizi wake umo kwenye madabodi (bao kuu la kompyuta) tangu kiwandani, katika laptopu nyingi za Dell, HP na Lenovo. Fomati, badilisha hata diski. Windows ikiwaka na intaneti ikipatikana, inajirudisha. Ila mzizi huo umelala mpaka ulipiwe, na wateja wake wakubwa ni makampuni. Mnunuzi wa mtumba ajihadhari: kama haijazimwa na mwenyewe wa awali, mshukiwa utakuwa wewe.

Ya pili ni Find My ya Apple, na hailipiwi. Mac zenye chipu ya T2 au Apple silicon hufungwa na Activation Lock, kwa hiyo hata zikifutwa zinadai nenosiri la mwenyewe. Tangu macOS Catalina, toleo la 2019 la mfumo wa Mac, Mac isiyo na mtandao inaweza kugunduliwa kwa Bluetooth kupitia vifaa vya Apple vya wapita njia. Huenda usiipate, lakini mwizi naye ataambulia vipuri tu.

Prey, iliyozaliwa Chile, naiweka ya tatu. Inakubali Windows, Mac na Linux, na inaweza kumpiga mwizi picha kwa kamera ya laptopu. Kasheshe ni hii: nenosiri gumu humsukuma mwizi afomati, na Prey inakufa hapo hapo. Wajanja huacha akaunti ya pili, isiyo na mamlaka wala siri, ili mwizi aingie mtandaoni na kujianika.

Ya mwisho ni Find my device, ile ya bure iliyomo ndani ya Windows tangu mwishoni mwa 2015. Inaonyesha mahali na kufunga kompyuta, haifuti mafaili. Iwashe tu.

Laptopu nyingi hazina GPS. Mahali hukadiriwa kwa Wi-Fi za jirani. Kwenye ghorofa utajua jengo, si mlango. Usiende kugonga. Wapelekee polisi ramani hiyo pamoja na namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya laptopu, ambayo inafaa uinakili leo, ukiwa bado nayo.