Springi za Mlango Mzito wa Gereji: Zipi Ununue, Zipi Uziache Dukani

Mlango wa gereji hubebwa na springi, si mota. Mota inausogeza tu mlango ambao springi zimeshaumaliza uzito wake. Ukiona mlango unasita katikati, au mota inaunguruma kisha inakata tamaa, anza kuangalia juu ya mlango kabla hujalaumu umeme. Wapo wanaofunga mota mpya yenye nguvu zaidi, mlango ukaenda miezi michache, halafu mota nayo ikaungua.

Kwa mlango mwepesi, springi iliyopishana kidogo na uzito inavumilika. Kwa mlango wa mbao ngumu, au wa chuma cha tabaka mbili wenye upana wa magari mawili, hakuna pa kujificha. Milango ya namna hiyo hupita kilo 150 bila shida. Springi ikiwa dhaifu kwa asilimia 15 tu, mtu anayefungua kwa mkono anainua zaidi ya kilo 20 kila mara. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, mlango hautulii chini.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, jua uzito wa mlango. Springi ya zamani haitoshi kuwa ushahidi. Huenda mlango uliongezewa mbao, kioo au tabaka la kuzuia joto baada ya springi kufungwa, au aliyezifunga alichukua zilizokuwepo dukani siku hiyo. Kama springi zimeshakatika, mlango hauna kinachoubeba, na huo ndio wakati mzuri wa kuupima. Tenganisha mota na mlango, tafuteni watu watatu wenye nguvu, inueni mlango kidogo, wekeni mizani mbili za kupimia watu chini yake, moja kila upande na kipande cha ubao juu yake, kisha ushusheni taratibu. Jumlisha namba mbili. Mizani moja peke yake mara nyingi hufika kikomo kabla ya mlango mzito kumaliza uzito wake. Kama springi bado nzima, usizilegeze mwenyewe ili upime. Hiyo ni kazi ya fundi, na sababu nitaieleza.

Sasa tuje kwenye mpangilio wenyewe.

Nafasi ya kwanza: jozi ya springi za kusokota, za maisha marefu

Springi ya kusokota ni ile inayovaa shafti juu ya mlango. Mlango ukishuka inajikaza, mlango ukipanda inarudisha nguvu hiyo kupitia ngoma mbili (magurudumu ya kukunjia waya kwenye ncha za shafti) na waya za pembeni. Kwa mlango mzito sioni mjadala: ziwe za kusokota, na ziwe mbili. Mzigo unagawanyika, shafti haielemewi upande mmoja, na moja ikikatika, ya pili bado inashika karibu nusu ya uzito badala ya mlango wote kuporomoka.

Maisha ya springi huhesabiwa kwa mizunguko: kufungua na kufunga mara moja ni mzunguko mmoja. Ya kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 10,000 hivi. Kwa nyumba inayofungua mara nne kwa siku, hiyo ni karibu miaka saba. Lakini gereji nyingi siku hizi ndiyo mlango wa mbele wa nyumba. Ukifika mara nane kwa siku, springi hizo zinaisha ndani ya miaka mitatu na nusu. Za mizunguko 25,000 kwa matumizi hayohayo hukupa zaidi ya miaka minane. Zipo pia za 50,000 na zaidi, ila hizo nazipendekeza kwa jengo lenye watu wengi, si kwa familia moja.

Maisha marefu hayaletwi na chuma cha ajabu. Yanaletwa na waya mnene zaidi na springi ndefu zaidi, ili kila sehemu ya waya ibebe shida kidogo. Muuzaji akikupa springi ya unene na urefu uleule wa ile iliyokatika, kwa chuma kilekile, akakwambia hii ni ya mizunguko mara mbili, mwache na springi yake.

Angalia kitu kimoja tu kabla ya kuchagua hizi: nafasi kwenye shafti. Pima kutoka kwenye bamba la katikati, linaloshikilia shafti ukutani, hadi kwenye ngoma. Springi ndefu isiyoenea haina faida. Ikikosa kuenea, kuna springi za kipenyo kikubwa zaidi zinazofanya kazi hiyo kwa urefu mdogo, lakini koni zake, yaani vipande vya chuma vinavyoshika ncha za springi, lazima nazo zibadilishwe.

Nafasi ya pili: jozi ya kusokota ya mizunguko 10,000

Hii ndiyo inayopatikana kirahisi, na si mbaya. Mlango ukifunguliwa mara chache, kwa mfano wa stoo, usijisumbue na ghali zaidi. Zibadilishe zote mbili hata kama iliyokatika ni moja. Dada yake imefanya kazi ileile kwa muda uleule, na gharama ya fundi kurudi tena ni kubwa kuliko springi yenyewe.

Nafasi ya tatu: springi moja nene

Ipo milango mizito iliyofungwa springi moja kubwa, hasa mtu alipotaka kubana matumizi. Inainua. Siku inapokatika, uzito wote unakuja chini, na aliye chini yake hana pa kukimbilia. Ukiikuta kwako, ukibadilisha, mwombe fundi akuhesabie jozi itakayotoa nguvu ileile. Shafti na koni za nyongeza hazizidishi gharama sana.

Nafasi ya nne: springi za kuvuta

Hizi hukaa pembeni, sambamba na reli za juu, na hufanya kazi kwa kunyooka. Huuzwa kwa uzito wa mlango, na rangi iliyopakwa mwishoni huonyesha daraja la uzito huo. Rangi za springi za kusokota, kwa upande mwingine, hazikuambii mlango ni wa kilo ngapi, kwa hiyo usichanganye mifumo hiyo miwili. Kwa mlango mwepesi zinafaa kabisa. Kwa mzito, upande mmoja ukilegea kidogo, mlango unapinda kwenye reli. Kama muundo wa gereji haukuachii njia nyingine, nunua jozi, na usikubali kufungiwa bila waya wa usalama unaopita katikati ya kila springi. Bila waya huo, springi iliyokatika huruka na kupita popote inapopita.

Springi zilizotumika, hata zikionekana safi, sizipi nafasi yoyote. Chuma hakikuoneshi kimebakiza mizunguko mingapi.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Kwa springi za kusokota unahitaji vinne: unene wa waya, kipenyo cha ndani, urefu, na upande wa msokoto.

Unene ndio unaowaponza watu. Usipime waya mmoja kwa rula. Hesabu koili (pete za waya) 20 zilizogusana, pima urefu wake, gawanya kwa 20. Ukipata milimita 127, waya ni milimita 6.35. Rudia na koili 10 uone kama namba zinakubaliana. Usidharau tofauti ndogo: nguvu ya springi hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, hivyo kutoka milimita 6 hadi 6.35, idadi ya koili na kipenyo vikibaki vilevile, nguvu huongezeka kwa karibu robo. Ndiyo sababu mtu huweza kununua springi inayofanana na ya zamani machoni, na mlango ukawa mwingine kabisa.

Urefu upimwe kwenye springi iliyolegea. Iliyokazwa huwa ndefu zaidi, kwa unene mmoja wa waya kwa kila duru ya kukaza. Duru saba na nusu za waya wa milimita 6.35 zinakudanganya kwa karibu sentimita tano. Pima ile iliyokatika: sukuma vipande viwili vikutane, pima koili tupu bila koni. Kipenyo cha ndani mara nyingi kimeandikwa kwenye koni yenyewe. Kama hakisomeki, pima.

Upande wa msokoto haujadiliki. Ukisimama ndani ya gereji ukiangalia nje, springi iliyo kushoto ya bamba la katikati kwa kawaida huwa ya mkono wa kulia, na ya kulia huwa ya mkono wa kushoto. Namna ya uhakika ni kulaza mpya sambamba na ya zamani: koili zielekee upande mmoja.

Ukitaka kumpima muuzaji, mpe hesabu hii. Mlango wa kilo 150 wenye ngoma za kipenyo cha inchi 4 unahitaji nguvu ya msokoto ya takriban nyutoni-mita 75 ukiwa umefungwa. Kwa mlango wa urefu wa mita 2.1, springi hukazwa duru saba na nusu hivi, kwa hiyo kila springi ya jozi itoe nyutoni-mita 5 kwa duru. Anayejua kazi yake atakupa jibu kwenye jedwali lake bila kukasirika.

Kuhusu chuma, nachagua waya mweusi uliopozwa kwenye mafuta. Wa kupakwa zinki unapendeza na huvumilia unyevu na hewa ya chumvi, lakini hulegea mapema, na fundi atarudi kuukaza. Mahali pakavu sioni sababu ya kuuchukua.

Kuhusu kuzifunga

Springi ya kusokota iliyokazwa ina nguvu ya kuvunja mkono. Hukazwa kwa vyuma viwili vinavyoenea sawasawa kwenye matundu ya koni, kamwe si kwa bisibisi au nondo iliyookotwa. Kama hujawahi, mlipe anayejua, lakini springi zinunue wewe, kwa vipimo vyako, na umwombe azikague kabla hajapanda ngazi.

Akimaliza, usimruhusu aunganishe mota kwanza. Inua mlango kwa mkono hadi usawa wa kiuno, uachie. Ukibaki pale, springi ni sahihi. Ukishuka, aongeze robo duru kila upande na ajaribu tena. Ukipanda wenyewe, apunguze. Ikiwa atahitaji kuongeza zaidi ya duru moja nzima, springi hizo ni za mlango mwingine, zirudishwe dukani.